Kasimiri Lugembe na Unga Uliogoma Kugeuka Buluu

Mzee Kasimiri Lugembe, fundi wa maabara wa Chuo cha Sayansi Kilimani, Tabora, anastaafu leo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1979, baada ya kutumikia miaka ishirini na minane na miezi mitatu kasoro siku moja. Siku hiyo moja ameisisitiza mwenyewe. Aliripoti kazini Jumatatu tarehe 2 Aprili 1951, na tarehe mosi, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, hataki ahesabiwe kazi ambayo hakuifanya.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Sikuzani Pazi, mtunza stoo, kuandika wasifu wake, wa kusomwa leo na kuchapwa katika jarida la chuo, kwa sababu tumefanya kazi mlango kwa mlango miaka kumi na tisa. Niliwaomba wamtafute mwingine. Hawakuniuliza kwa nini, nami sikuwaambia. Katika miaka hiyo kumi na tisa kuna siku chache za Julai 1975 ambazo Mzee Kasimiri alikaribia kupoteza kazi na kufikishwa mahakamani kwa hujuma, na mkono wangu ulikuwemo. Anayetaka wasifu wenye sifa tupu asiendelee kusoma.

Alizaliwa Goweko mwaka 1924, akasoma misheni mpaka darasa la sita, kisha akaja mjini kwa treni kutafuta kazi. Enzi hizo kwenye kiwanja hiki palikuwa na shule ya serikali ya kikoloni, na kazi aliyopewa ilikuwa kuosha chupa za maabara. Kugusa dawa zenyewe hakuruhusiwa. Basi akajifunza kwa kusoma vibandiko vya chupa alizoosha, na kwa kusikiliza masomo kupitia dirishani huku amejitia anakausha vyombo. Uhuru ulipofika, mwalimu wa kemia alifunga virago, na mtu pekee aliyejua kila kitu kilipo alikuwa muosha chupa. Alikabidhiwa funguo za maabara Desemba 1961, na leo asubuhi ndio amezirudisha.

Wanafunzi walimwita Bwana Suuza. Chombo cha Mzee Kasimiri husuuzwa mara tatu, si mbili, si nne. Mwaka tuliofunguliwa kuwa chuo, mgeni mmoja mkubwa alikuta bika safi, chombo cha kioo cha kupimia dawa, mezani akajimiminia maji ya kunywa. Mzee Kasimiri alimpokonya bika likiwa limeshagusa mdomo, akampa kikombe cha bati, akaenda kulisuuza bika lile. Mgeni alidhani ni bika linaloogopwa kuchafuliwa na mdomo wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba aliyeokolewa ni yeye.

Sasa niseme kuhusu mimi naye. Mzee Kasimiri ni Mnyamwezi. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, niliyeletwa Tabora na mume aliyefanya kazi relini. Njia ya misafara iliwafanya watu wetu watani kabla sisi hatujazaliwa, kwa hiyo tangu siku yangu ya kwanza stoo, Aprili 1960, hatukuamkiana kama watu wengine. Yeye aliniuliza kama ni kweli kwetu ngoma hulia mpaka jembe linaota kutu. Mimi nilimjibu kwamba afadhali jembe lenye kutu kuliko Mnyamwezi anayekula mbuzi na kamba yake. Mume wangu alipofariki mwaka 1966, Mzee Kasimiri alivaa kofia yake ya relini mbele ya waombolezaji, akaiga mwendo wake na filimbi yake, mpaka nikacheka huku nalia. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba sitakufa kwa majonzi. Mtu wa kukufanyia hivyo ni mtani tu, ndugu wa tumbo moja hawezi.

Mwanzoni mwa Julai 1975, Dakta Yoramu Limbu, mzaliwa wa Ziba aliyesomea kemia ng'ambo na kurudi kufundisha Dar es Salaam, alitutumia kwa treni chupa ya kahawia iliyofungwa kitambaa cheusi. Ndani yake mlikuwa na gramu arobaini za fuwele nyeupe, nyembamba kama sindano. Zikiwekwa juani zinageuka buluu bila kuyeyuka wala kuungua, na kadiri jua linavyozidi ndivyo buluu inavyokolea. Dakta alitaka Mzee Kasimiri azipake kwenye vikadi, vikadi vibandikwe juu ya maboksi ya dawa yanayokwenda kwenye zahanati mpya za vijiji vya ujamaa, ili mganga akipokea boksi ajue kama dawa imeachwa juani njiani. Kuzitengeneza kulimchukua Dakta mwaka mzima. Chupa nyingine haikuwepo nchini.

Kitambaa kilikuwa kimelegea safarini, na baadhi ya fuwele zilifika na madoa ya buluu. Mnamjua Mzee Kasimiri na uchafu. Aliziyeyusha zote katika spiriti ya uvuguvugu na kuzichuja, na vile vipande vya buluu, ambavyo haviyeyuki tena, vikabaki kwenye karatasi. Kazi hiyo ilikuwa sahihi. Lakini tulikwisha kuambiwa kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi kuona dawa ikijaribiwa kabla ya kupakwa kwenye vikadi, na spiriti huchukua muda kukauka. Akaitumbukiza chupa ya mchanganyiko ndani ya mtungi wa maji ya baridi. Papo hapo unga mweupe ukashuka chini, laini, safi, hauna hata doa. Akaukausha gizani, akaurudisha katika chupa ya kahawia, akaniletea stoo niupime. Zilipungua gramu mbili tu, zile za madoa.

Alhamisi tarehe 17 Julai, saa nne asubuhi, mkaguzi akaja. Alitoka ofisi moja ya makao makuu ambayo sitaitaja. Wanafunzi wote walikusanyika uani, na Mwalimu Imakulata Ngollo, mkuu wa chuo, akatoa hotuba fupi. Mzee Kasimiri akatandaza unga wake kwenye sinia, akafunua kitambaa, akarudi nyuma na mikono mgongoni kama bwana harusi. Jua la Julai hapa kwetu halina wingu hata moja. Tukangoja. Ikapita dakika moja, zikapita tano, zikapita kumi. Unga ulikuwa mweupe vile vile. Nikaona jasho linamtoka shingoni, mtu ambaye sijawahi kumwona akitokwa jasho mbele ya chupa.

Mimi nikafanya kile ambacho mtani hufanya mwenziwe anapoaibika. Nikapaza sauti: "Jamani, Mnyamwezi huyu kaila dawa ya Dakta, katuwekea chumvi ya Uvinza!"

Uwanja mzima ukacheka. Mwalimu Ngollo akacheka. Mzee Kasimiri mwenyewe alicheka kwa kushusha pumzi, akanijibu kwamba chumvi ya Uvinza ni ya watu wenye mboga, Mzaramo haimhusu. Mkaguzi hakucheka. Kwao utani wa namna yetu haupo, au upo naye aliuacha nyumbani. Akatoa daftari.

"Mama, wewe ndiye mtunza stoo?"

Nikasema ndimi, bado nacheka, nikidhani naye anaingia katika mchezo.

"Na umesema amebadilisha dawa?"

Ndipo kicheko kiliponikauka. Wasomaji vijana wakumbuke miaka ile: sukari imeadimika, betri zimeadimika, na kila kilichoadimika kilikuwa na mhujumu wake anayetafutwa. Saa sita ilipofika maabara ilikuwa imefungwa kwa lakiri, chupa ya kahawia imechukuliwa, na Mzee Kasimiri amesimamishwa kazi. Mkaguzi alikuwa anaendelea na safari ya Nzega na Igunga, angerudi Jumanne. Kama hadi Jumanne dawa halisi haijaonekana, fundi angekabidhiwa polisi.

Kabla hajaondoka aliniita katika ofisi ya mkuu wa chuo, tukiwa wawili tu. Karatasi ilikwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba mimi, mtunza stoo, nimeshuhudia na kutamka kwamba fundi ameondoa mali ya umma na kuweka chumvi mahali pake. Nikamwambia yule ni mtani wangu, yale yalikuwa maneno ya utani, amwulize mtu yeyote wa Tabora. Akanijibu kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mama, utani hauna fungu katika ripoti. Ama umesema kweli, basi tia saini. Ama umenidanganya mbele ya watu ili kumficha mwenzako, basi mko wawili."

Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni. Niliogopa. Nimejaribu miaka minne kutafuta neno lingine lenye heshima zaidi, sijalipata. Nilitia saini.

Siku zilizofuata Mzee Kasimiri alikuja chuoni kila asubuhi saa moja na nusu, na sare yake imepigwa pasi, akakaa kwenye benchi nje ya maabara iliyofungwa. Aliyemwambia arudi nyumbani alijibiwa kwamba amesimamishwa kufanya kazi, hajasimamishwa kukaa. Telegramu iliyopelekwa kwa Dakta Limbu haikujibiwa. Dakta alikuwa safarini. Mke wa Mzee Kasimiri, Paskazia, alimletea mumewe chakula mchana, akala, akasuuza bakuli mara tatu bombani, akarudi benchini. Mikono yake haikujua pa kukaa. Nikipita na funguo zangu za stoo alinipigia kelele: "Mzaramo, lete chumvi, mboga inapoa!" Aliamini kwamba yaliyonitoka uani yalikuwa utani, na yalikuwa utani. Ya ofisini hakuyajua. Nilikuwa najibu, nacheka, kisha naingia stoo najifungia.

Alhamisi ile wageni waliwahi kufika kabla hajamaliza kuosha vyombo. Kisahani kimoja chenye masalio ya mchanganyiko wake wa spiriti kilibaki kwenye rafu karibu na dirisha, ndani ya maabara iliyofungwa. Dirisha lile lina wavu, si kioo, na mtu aliye nje anaona ndani. Jumamosi alasiri Mzee Kasimiri alichungulia akakiona kisahani kile, akakasirika kwamba hakikusuuzwa. Spiriti ilikuwa imekauka yenyewe polepole, imeacha utepe mweupe pembeni. Jumapili, alipotoka misa, alipita tena. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirishani, na utepe ule ulikuwa wa buluu.

Jumatatu aliniita nichungulie. Nilibandika uso kwenye wavu nikaiona, buluu nyembamba kama uzi. Akaniambia taratibu, mara hii bila utani, kwamba masalio yale yalitoka katika chupa ile ile, spiriti ile ile, siku ile ile. Unga wa mtunguni ulilazimishwa kuganda kwa dakika moja. Wa kwenye kisahani uliachwa ugande kwa siku mbili. Dawa haikuibiwa na haikubadilishwa. Ilikosea kujipanga tu. Akaniuliza kama naliona jambo hilo linaeleweka. Nilimwambia linaeleweka, ingawa nilichoelewa ni kimoja: kwamba mtu huyu hana kosa, na jina langu liko kwenye karatasi inayosema analo.

Mkaguzi alirudi Jumanne na vumbi la Igunga kwenye kola. Mwalimu Ngollo alimsihi akubali jaribio mbele ya watu wote, na nimpe haki yake, alikubali. Mzee Kasimiri akaanza na mambo madogo. Alinituma mimi chumvi. Akatia kijiko kimoja cha chumvi katika spiriti, ikakaa chini kama changarawe. Akatia kijiko cha unga wa kwenye chupa aliyoirudisha mkaguzi, ukayeyuka wote, ukatoweka. "Basi si chumvi," mkaguzi akasema, "lakini hilo halijaniambia ni nini." Naye kwa hilo alikuwa na haki.

Akayeyusha sehemu kubwa ya unga ule, akaugawa mara mbili. Nusu akaitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya baridi kama alivyofanya mwanzo, unga ukashuka. Nusu ya pili akaimimina katika sahani pana, akaifunika karatasi aliyoitoboa kwa pini, akaiweka kabatini gizani. Mkaguzi akatia lakiri yake kwenye kabati, na askari akakaa na kiti mbele yake mpaka kesho yake. Mimi usiku ule sikufumba jicho. Ikigeuka buluu, Mzee Kasimiri amepona. Isipogeuka, karatasi yangu ndiyo itakayompeleka.

Jumatano saa nne kabati lilifunguliwa. Katika sahani mlikuwa na sindano nyeupe, ndefu, kama zile zilizotoka Dar es Salaam. Mzee Kasimiri akatandaza sindano kwenye sinia moja na unga kwenye jingine, akayafunika kitambaa, akayatoa uani. Mkaguzi aliyatazama masinia hayo mawili, akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: kitu kimoja kitawezaje kulitii jua leo, kama kililikaidi Alhamisi iliyopita?

Siku ile wanafunzi walikuwa wanajenga bweni la kujitegemea, wamesimama safu moja kutoka kwenye tanuri mpaka kwenye msingi, wanapokezana matofali mkono kwa mkono. Mzee Kasimiri alimshika mkaguzi mkono kwa heshima akamgeuza awatazame. Wamesimama mshazari kidogo, kila mmoja anafikia mikono ya jirani, na tofali linatembea bila mtu kunyanyua mguu. Akawaomba waachane hatua mbili mbili, waendelee bila kusogea. Tofali la kwanza lilianguka, na la pili. Akawaomba wabanane, mgongo kwa kifua. Hakuna aliyeweza kugeuza hata kiwiko.

"Watu ni wale wale, Ndugu Mkaguzi," akasema. "Tofali ni lile lile, na jua ni hili hili. Molekuli zikishalala ndani ya fuwele hazina miguu, pale zilipolala ndipo pa kufanyia kazi. Jua linaziamsha mikono tu. Kama jirani yuko karibu, na amelala mshazari wa kiasi chake, zinashikana, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, mpaka unapata mnyororo mmoja mrefu toka mwanzo wa sindano mpaka mwisho. Mnyororo huo ndio buluu. Zikiwa zimelala vibaya, utaanika mpaka Idi. Mimi niliwaharakisha kulala. Kosa hilo ni langu, liandike."

Kisha akafunua masinia yote mawili.

Nawaambia ukweli, sikutazama. Nilimtazama mkaguzi usoni, maana huko ndiko hukumu ilikokuwa. Niliona kwanza nyusi zinapanda. Halafu nikasikia wanafunzi wameacha matofali wanakuja mbio. Nilipogeuka, sindano zilikuwa na rangi ya anga, na hatukumaliza kupumua zikawa rangi ya wino. Unga wa mtunguni ulikaa pale mweupe, haujui kinachoendelea.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kumalizwa na jambo moja. Akaonyesha unga: "Na huu?" Mzee Kasimiri akasema huo unataka kulazwa upya. Akauyeyusha mbele yake, akaumimina katika sahani, karatasi ya matundu, kabati, lakiri, askari. Alhamisi asubuhi, wiki moja kamili tangu nitamke neno langu, unga uliogoma kugeuka buluu uligeuka buluu, ukiwa sindano, mbele ya mtu yule yule aliyeuita ushahidi wa wizi.

Hapo ndipo sherehe ingekuwa yetu sote. Mkaguzi alimpa Mzee Kasimiri mkono, akaandika katika ripoti kwamba hakuna hasara, na kwa nia njema kabisa akachomoa karatasi moja katika jalada akampa, akasema hii haina kazi tena, aichome mwenyewe. Mzee Kasimiri ni mtu anayesoma kila kibandiko. Aliisoma kutoka juu mpaka chini. Alipofika chini alikaa pale muda mrefu kuliko urefu wa jina langu. Akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akanijia.

"Ahsante kwa chumvi, Ndugu Mtunza Stoo."

Miaka kumi na mitano nilikuwa Mzaramo, mvivu, mpenda ngoma, mla nazi. Tangu siku ile nikawa Ndugu Mtunza Stoo. Hakunikosea adabu hata mara moja. Aliniamkia kila asubuhi, alijaza fomu zake za kuombea vifaa kwa mwandiko mzuri, alirudisha kila chupa aliyoazima. Binti yangu alipoolewa mwaka 1977 alikuja, akatoa zawadi, akala pilau, akakaa na wageni kama mgeni. Watu walinipongeza kwa kuwa na rafiki mstaarabu. Mtani anayekaa kimya harusini! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na watu wakadhani ni kwa ajili ya binti.

Kazi yenyewe aliiendeleza kwa moyo ule ule. Dakta Limbu aliporudi safarini na kusikia habari, alituma fuwele zaidi na kumwomba Mzee Kasimiri amwandikie kila namna alivyozilaza, ipi iligeuka na ipi iligoma. Daftari hilo lina kurasa mia moja na kumi, nalo linasomeshwa sasa kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Kati ya mwaka 1976 na 1978 maboksi zaidi ya mia tatu yalikwenda zahanati za Goweko, Ziba na Igunga yakiwa na vikadi vyake. Boksi moja la Ziba lilifika na kadi ya buluu iliyokolea kama nguo ya shule. Dereva aliapa kwamba hajasimama popote. Mganga akamwonyesha kadi, na dereva, akiamini karatasi ile ina macho, akakiri kwamba aliliacha juu ya lori sokoni Igunga tangu saa nne mpaka saa kumi, akila wali na kutazama mnada wa ng'ombe. Tangu hapo madereva wa njia ile huyafunika maboksi kwa makoti yao wenyewe.

Vijana thelathini na wawili aliowafundisha ufundi wa maabara wametawanyika katika shule za mikoa mitano. Ukimkuta mtu anasuuza chupa mara tatu bila kuambiwa, mwulize, atakutajia jina hili.

Kwa hiyo, Mzee Kasimiri, mbele ya wafanyakazi wote, wanafunzi, Mama Paskazia na wajukuu mliokuja nao, nasema kile ambacho nimeshindwa kukisema tangu Julai ile. Neno la uani lilikuwa utani. Saini ilikuwa woga. Nilijua huna kosa, nikatia saini, na siku nne nzima ukanitania huku nimeificha. Nisamehe.

Nilidhani wasifu utaishia hapo. Lakini utaratibu wa jarida letu ni kwamba mstaafu huonyeshwa rasimu ili asahihishe tarehe, na Jumatano niliipeleka maabara, nikaiweka mezani, nikakimbia. Juzi ilirudi ndani ya bahasha. Tarehe zote zilikuwa na alama ya sawa. Mwishoni kulikuwa na maneno ya penseli, nami nayanakili kama yalivyo, kamati inisamehe:

"Wewe Mzaramo, miaka minne kutembea kutoka stoo mpaka maabara, huo mguu ni wa kinyonga au wa mwali? Nilikuwa nakungoja. Faini ni kuku wawili na jogoo mmoja. Uwalete Goweko mwenyewe, kwa miguu. Treni nimekukataza."

Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupata maishani.

Wafanyakazi wenzako wa Kilimani tunakushukuru kwa miaka ishirini na minane na miezi mitatu kasoro siku moja. Unaporudi kulima Goweko tunakuombea afya, mvua za wakati, tumbaku isiyoingia wadudu na usingizi usio na kengele. Mimi binafsi nitakuja mwezi wa nane, baada ya mitihani, nikiwa na kuku wangu kichwani. Jogoo nimeshamchagua: mzee, mkavu, hana nyama hata kidogo, nimeona mtafanana. Kaa salama, Mnyamwezi we, na usiwale na kamba.

Sikuzani Pazi
Mzaramo, mtunza stoo